Burkitt wa Mulago: Daktari Aliyetazama Mara Mbili



Niko mwaka wa nne wa udaktari hapa Kampala. Kila nikisema nataka kutibu saratani, naulizwa kwa nini nachagua wodi ya vilio. Jibu langu lina watu wawili. Wa kwanza ni mtoto wa mama yangu mdogo: alivimba taya, tukadhani ni jino, tukachelewa, tukamzika. Wa pili ni Denis Burkitt, ambaye ugonjwa ule unaitwa kwa jina lake.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho moja. Chuoni Dublin alianza na uhandisi, kisha akahamia udaktari. Alipoomba kazi ya tiba katika makoloni ya Uingereza, alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Vita vikamleta Afrika Mashariki akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapokelewa Uganda. Alianzia Lira, kisha akaletwa Mulago. Alikuwa daktari wa upasuaji wa kawaida. Saratani haikuwa fani yake.

Mwaka 1957 Dkt. Hugh Trowell alimwita amwone mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Wa kwanza angeweza kusahaulika. Wa pili ulimnyima raha. Akafukua mafaili, akaandikia hospitali nyingine, na mwaka 1958 akachapisha alichokiona.

Kisha akauliza: ugonjwa huu unaishia wapi? Mwaka 1961, pamoja na madaktari wawili wenzake, aliendesha gari kuukuu hadi Afrika Kusini na kurudi, kama kilomita 16,000 kwa wiki 10, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Ramani yake ilionyesha kuwa uvimbe hufuata joto na mvua, kule kule kwenye malaria. Mwaka huo huo alitoa mhadhara London. Msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, akaomba vipande vya uvimbe kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi walichokikuta humo.

Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu peke yake hakikutosha. Burkitt akajaribu dawa, na baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka, wakapona kabisa. Mwaka 1967, yeye akiwa ameshaondoka, kilifunguliwa pale Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huo, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Alifariki mwaka 1993.

Hakuwa Mwislamu. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila ugonjwa una dawa yake, nasi tumeamrishwa kujitibu. Dawa ya ugonjwa uliomchukua mdogo wangu ilishatafutwa na kupatikana kilima cha pili tu kutoka chuoni kwetu. Kilichokosekana ni mtu wa kutazama taya ile mara mbili na kusema: hili si jino.

Nataka niwe mtu huyo. Niombeeni dua, na mtoto akivimba taya mtaani kwenu, msisubiri.