Ledoux: alichora mji wa ndoto, akajenga mageti ya ushuru

Wasikilizaji wetu, wengi wenu mnaujua ushuru wa getini: una mzigo wa kupeleka sokoni, unasimamishwa, unalipa kabla hujauza. Claude-Nicolas Ledoux, msanifu majengo wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1736, alijenga mageti ya namna hiyo, na nusura yamponze.

Mwaka 1771 alipewa ukaguzi wa viwanda vya chumvi vya mfalme, mashariki mwa nchi. Chumvi ilipatikana kwa kuchemsha maji ya visima vya Salins, lakini kuni za karibu zilikuwa zimepungua. Ikaamuliwa maji ndiyo yafuate kuni. Yakapitishwa ndani ya magogo yaliyotobolewa, kilomita 21 hivi, hadi Arc-et-Senans, jirani na msitu wa Chaux.

Hapo Ledoux akajenga kiwanda cha umbo la nusu duara, kati ya mwaka 1775 na 1779. Nguzo zake nene zinafuata mtindo wa Wagiriki na Warumi wa kale, heshima iliyozoeleka kwa makanisa na majumba ya wakubwa, si kwa wachemsha chumvi. Wafanyakazi waliishi humo humo na familia zao, wakiwa na bustani za mboga nyuma ya nyumba. Sisi tunalisifu hilo. Ila nyumba ya mkurugenzi iliwekwa katikati, iwaone wote, na ukuta ulizunguka chumvi isiibwe, maana ilitozwa kodi kubwa.

Baadaye matajiri waliokodishiwa ukusanyaji wa kodi za mfalme waliuzungushia mji wa Paris ukuta. Ledoux akawachorea vituo vya ushuru zaidi ya 40, vyenye fahari kama mahekalu. Bei ya mvinyo ikapanda, wananchi wakachukia. Julai 1789, siku chache kabla ya gereza la Bastille kutekwa, walivichoma vingi.

Mwaka 1793 wanamapinduzi walimfunga. Aliponea chupuchupu kukatwa kichwa, akaachiwa 1795, lakini kazi kubwa hakupata tena. Akabaki na kitabu chake, kilichotoka mwaka 1804. Humo alikizungushia kiwanda kile mji mzima: nyumba za wakata kuni, soko, hata nyumba ya wakaguzi wa mto, maji yakipita katikati yake. Mji huo haukujengwa. Alifariki mwaka 1806.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1895, na tangu 1982 kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Vituo vya ushuru vimebaki vinne tu mjini Paris.