Msomi wa misitu aliyefunzwa na ngoma

Panda matatu pale Kericho mjini ukielekea Nakuru. Utapita Brooke, Chepseon, Kedowa, mpaka makutano ya Londiani. Ukikaa dirishani utaona chai, halafu safu ya mikaratusi, halafu chai tena. Mikaratusi hiyo ni kuni. Ndiyo inayokausha majani kiwandani kabla chai haijafika kwa kikombe chako. Msitu wenyewe, ule wa Mau Kusini Magharibi unaonyeshea Kericho na Bomet mvua na mito, uko nyuma ya hayo yote. Na Londiani ndiko kuna Chuo cha Misitu cha Kenya, kilichoanza 1957.

Nimeanza na safari hii kwa sababu najua baadhi yenu mko kwa hiyo njia panda. Una shahada ya kwanza ya misitu, au kilimo-misitu, na sasa unapiga hesabu ya uzamili. Uhandisi wa misitu? Usimamizi endelevu wa misitu? Karo iko wapi? Kazi je? Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo si mimi wa kukushauri kuhusu vyeti. Lakini kuna jamaa mmoja, alikufa zamani, ambaye maisha yake yanaweza kukusaidia kuamua. Anaitwa Richard St. Barbe Baker.

Ukisikia kupanda miti Kenya, jina la kwanza kichwani ni Wangari Maathai, na ni haki yake. Alianzisha Green Belt mwaka 1977. Sasa rudi nyuma miaka 55, hadi 1922, umkute huyu Mwingereza akihangaika na jambo lile lile karibu na Nairobi.

Baker alizaliwa 1889 kusini mwa Uingereza, katika familia iliyokuwa na kitalu cha miche. Yaani alikua akicheza katikati ya miti ya kuuza. Akiwa na miaka ishirini hivi alivuka bahari kwenda Kanada, akasoma katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilipokuwa bado kichanga, na akafanya kazi ya kukata magogo. Huko ndiko mambo mawili yalimchoma. La kwanza, jinsi magogo yalivyokuwa yakipotezwa ovyo msituni. La pili, jinsi wakulima walivyofyeka vichaka vyote ili walime ngano, kisha upepo ukaja ukabeba udongo. Kama umewahi kuona shamba la mteremkoni likioshwa na mvua hapo kwenu, unajua alichokiona.

Hakukimbilia misitu moja kwa moja. Alirudi Uingereza kusoma dini Cambridge, akitaka kuwa mhubiri. Vita vya kwanza vya dunia vikamkuta. Akapigana Ufaransa, akajeruhiwa zaidi ya mara moja, akaondolewa jeshini 1918. Baada ya hapo ndipo alirudi Cambridge, safari hii kusomea misitu. Kwa hivyo kama wewe una miaka 27 na unaona umechelewa kubadilisha kozi, huyu alikuwa amekaribia 31 alipomaliza mwaka wa 1920.

Mwaka huo huo akaajiriwa na serikali ya kikoloni kama afisa msaidizi wa misitu Kenya.

Hapa simama kidogo, kwa sababu hakuwa mwanajeshi pekee aliyeletwa Kenya na vita hivyo. Wakati huo huo, maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa vitani walipewa ekari 25,000 hapa Kericho, kwenye ardhi ya Wakipsigis, walime kitani. Mpango wao uliitwa BEADOC. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia mahali pao. Hiyo chai unayoiona dirishani ilianzia kwenye kufeli huko. Wenyeji hawakurudishiwa ardhi.

Baker alikuja na meli za enzi hiyo hiyo na akala mshahara wa serikali ile ile. Tusimpake rangi ya malaika. Idara yake ndiyo iliyokuwa ikifunga misitu na kumwambia mwenyeji kwamba kuni alizookota jana leo ni wizi.

Kazi iliyompa jina ilikuwa upande wa Kikuyu. Alikuta miti imeisha kwenye vilima. Sababu unaweza kuzikisia: walowezi walikuwa wamefyeka ili wapande mazao ya kuuza nje, reli ilikuwa ikichoma kuni kuendesha magari ya moshi, na Wakikuyu walikuwa wamesukumwa kwenye maeneo madogo, hawawezi tena kuacha shamba lipumzike na msitu urudi.

Cambridge ilikuwa imemfundisha kupima gogo, kutambua udongo, kuotesha mbegu, kupanga msitu wa miaka themanini. Yote hayo alikuwa nayo. Akaanzisha kitalu. Pesa za serikali zilikuwa finyu mno kwa kazi kubwa kama ile, na hata zingekuwepo, maafisa wachache hawangeweza kupanda vilima vizima. Miche bila mikono ni bure. Na mikono ilikuwa ya watu wasio na sababu yoyote ya kumwamini mzungu wa misitu.

Akaenda kuwauliza wazee. Jibu lao lilikuwa la heshima na gumu: kupanda miti ya msitu ni kazi ya Mungu, haijawahi kuwa kazi ya binadamu. Ungekuwa wewe na uzamili wako ungefanya nini? Wengi wangeandika ripoti kwamba jamii inahitaji kuhamasishwa.

Baker alitazama. Aliona kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma wakati wa kupanda maharagwe, na ngoma wakati wa kuvuna mahindi. Kila kazi yenye maana ilikuwa na ngoma yake. Basi kwa nini miti isiwe na yake? Akalipeleka wazo hilo kwa Chifu Josiah Njonjo, baba yake Charles Njonjo aliyekuja kuwa mwanasheria mkuu wa kwanza baada ya uhuru. Njonjo akaliunga mkono. Kumbuka sehemu hii unaposoma vitabu vinavyomtaja Baker peke yake. Bila chifu, vijana wangekuja kwa nani?

Tarehe 22 Julai 1922, huko Muguga, ngoma ya miti ikachezwa. Zawadi zilitangazwa: fahali aliyenona kwa morani aliyejipamba kuliko wote, na shanga kwa msichana aliyependeza zaidi. Kwa hesabu aliyoitoa Baker mwenyewe baadaye, walifika morani 3,000. Kati yao 50 walijitokeza wakaapa mbele ya Ngai kwamba kila mmoja atapanda miti kumi kila mwaka na kuilinda miti popote ilipo. Kikundi kikaitwa Watu wa Miti, jina la Kiswahili kabisa. Neno lao la siri lilikuwa Twahamwe, yaani sote ni kitu kimoja.

Angalia kiapo chenyewe kilivyojengwa. Kina hesabu ndogo ambayo mtu anaweza kuitimiza. Kinarudi kila mwaka. Kina kulinda ndani yake, kwa sababu mche unaopandwa na kuachwa mbuzi atamaliza kabla ya Krismasi. Na kimetolewa hadharani, mbele ya watu ambao kesho watakuuliza.

Hakukaa Kenya miaka mingi. Mwaka 1924 alikuwa London, akizungumzia imani za Wakikuyu kwenye kongamano la dini, na mwaka huo tawi la Watu wa Miti likaanza Uingereza. Kisha akapelekwa Nigeria, kwenye misitu ya mikangazi, hadi 1929. Husimuliwa kwamba akiwa afisa huku Afrika alijitupa katikati mkubwa mmoja alipotaka kumpiga mfanyakazi Mwafrika, kipigo kikamwangukia yeye begani, na baada ya hapo kazi ya serikali haikumwendea vizuri.

Akiwa hana tena cheo cha serikali, ndipo akafanya mengi zaidi. Alipigania miti mikubwa ya California isikatwe. Kati ya 1952 na 1953 aliongoza safari ya kama maili 9,000 kuvuka Sahara na kushuka mpaka Afrika ya ikweta, akichunguza namna miti inavyoweza kuzuia jangwa. Saskatchewan, chuo chake cha ujana, kilimpa udaktari wa heshima 1971. Na huko huko Saskatoon ndiko alikofia, tarehe 9 Juni 1982, akiwa na miaka 92, siku chache tu baada ya kupanda mti wake wa mwisho. Watu wa Miti wako hai hadi leo kwa jina la International Tree Foundation.

Sasa turudi Mau. Mwaka 2001 serikali ilimega zaidi ya hekta 60,000 za msitu huo, sehemu kubwa ikiwa Mau Mashariki na hii yetu ya Kusini Magharibi. Wakati huo Kenya ilikuwa na wasomi wa misitu wa kutosha. Moi ilipofunguliwa 1984, wanafunzi wake wa kwanza 83 walikuwa wa misitu, waliohamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Elimu ilikuwepo, ramani zilikuwepo. Watu walioapa hadharani kulinda, na wenye sababu ya kulinda, ndio walikuwa wachache.

Kwa hivyo kama umepata nafasi ya uzamili, nenda. Serious. Baker bila Cambridge angekuwa mtu mwenye huruma na miche iliyokauka. Huwezi kuamua mikaratusi ipandwe umbali gani na chemchemi kwa kukisia, na wakulima wa Bomet wanaolia kwamba mito inakauka wanahitaji mtu wa kupima na kuwapa jibu la kweli, hata kama jibu hilo litaudhi kiwanda. Lakini ukirudi na karatasi yako, kabla hujaita warsha, uliza kijiji kina ngoma gani. Uliza ni nani Njonjo wa hapo. Huenda ni mwenyekiti wa chama, huenda ni mama wa kanisa, huenda ni msichana mwenye wafuasi wengi TikTok.

Halafu kuna swali moja la sisi wote, wenye digrii na tuliokosa. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa sikukuu nchi nzima ili tupande miti. Picha bado iko kwa simu yako, najua. Mche uko wapi?