Victor Bonney, daktari aliyekataa kung'oa kizazi

Ukipanda matatu ya kwenda Mwihoko pale Githurai jioni, sikiliza akina dada wanaotoka kazini. Siku hizi hawafichi. Mmoja atakwambia damu ya mwezi inamtoka wiki mbili na tumbo limefura kama la mjamzito. Mwingine ataapa kwamba ukipatikana na fibroidi, basi kizazi ni cha kung'olewa tu. Kabla uamini hiyo ya mwisho, hebu nikujulishe mzee mmoja wa London aliyefariki 1953.

Victor Bonney alizaliwa 1872, mwana wa daktari, naye akafuata nyayo. Akawa mpasuaji wa magonjwa ya akina mama katika Middlesex Hospital na Chelsea Hospital for Women. Enzi hizo fibroidi zikikusumbua, mfuko mzima wa uzazi ulitolewa, yakaisha. Usiwaone madaktari wale kuwa wakatili. Fibroidi si kansa, lakini zimejishika kwenye nyama iliyojaa mishipa ya damu. Ukichokora moja moja, damu inamwagika kama bomba la maji limepasuka, na wakati huo hakukuwa na benki ya damu wala antibiotiki. Kutoa kila kitu kulikuwa afadhali kuliko kumzika mgonjwa.

Halafu yakamfika nyumbani. Mwaka 1905 alimwoa Annie Appleyard, binti wa daktari wa Tasmania. Hawajapata mtoto, Annie akapatwa na fibroidi na kuvuja damu vibaya. Kizazi kikatolewa. Wawili hao hawakupata mtoto maisha yao yote, na ukiniuliza mimi, kazi yote iliyofuata ilianzia hapo.

Bonney alijiuliza swali rahisi: kama shida ni damu, mbona tusiifunge kwanza? Akaunda koleo maalum la kubana sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, ili mishipa inayopeleka damu ifungwe kwa muda. Damu ikitulia, alipasua mahali pamoja na kupitia hapo akazitoa fibroidi nyingi, kisha akashona mashimo zilimokuwa na kufungua koleo. Kuna mwanamke mmoja aliyetolewa fibroidi 225, na bado akabaki na kizazi chake. Mia mbili na ishirini na tano, bana! Alifanya upasuaji wa aina hii zaidi ya mara 700. Kwake yeye, kumtoa msichana kizazi kwa sababu ya uvimbe usio kansa kulikuwa ni mkasa wa upasuaji.

Lakini usidhani ni Wazungu pekee waliothubutu. Mwaka 1879, Bonney akiwa mtoto wa miaka 6, daktari mgeni aitwaye Robert Felkin alishuhudia mganga wa Kahura, Bunyoro, akimpasua mama tumbo na kumtoa mtoto. Mikono na tumbo vilioshwa kwa pombe ya ndizi, kidonda kikafungwa kwa pini za chuma. Mama na mtoto walipona. Sisi wa Afrika Mashariki huwa tunaisahau hii hadithi upesi sana.

Sasa rudi kwa yule dada wa matatu. Fibroidi huwapata wanawake weusi zaidi, na mara nyingi mapema, wakati bado wanataka watoto. Upasuaji wa kuzitoa na kuacha kizazi upo, na siku hizi nyingine hutolewa kupitia matundu madogo tumboni. Una masharti yake, sikufichi: fibroidi zinaweza kumea tena, na ukishika mimba baadaye daktari anaweza kukushauri ujifungue kwa upasuaji. Kwa aliyemaliza kuzaa na amechoka kuvuja, kutoa kizazi bado ni tiba halali, ambayo humaliza fibroidi kabisa. Mwulize daktari wako kwa nini anapendekeza hii na si ile.

Bonney pia alisifika kwa kupasua kansa ya mlango wa kizazi, na alikuwa mchoraji hodari. Kitabu cha upasuaji alichoandika na mwenzake Comyns Berkeley mwaka 1911 alikichorea picha mwenyewe. Madaktari wengine wamekuwa wakikiandika upya tangu afariki, na jina lake bado liko kwenye jalada.