Krapf na Makaburi ya Mombasa

Jumapili tulimwacha Elia chini ya mretemu, akiomba afe (1 Wafalme 19). Baada ya ibada wengine waliniuliza kama mtu aliyeokoka kweli anaweza kufika hapo. Hebu tumwangalie mtumishi mmoja ambaye jina lake tulilisoma shuleni, Johann Ludwig Krapf. Tulifundishwa ati ndiye mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, mwaka wa 1849. Tukajibu swali la mtihani, tukamsahau. Lakini mlima ni jambo dogo katika maisha yake.

Alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1810. Mwaka wa 1837 alienda Ethiopia na chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, na mzigo wake ulikuwa Waoromo. Mwaka wa 1842 alitoka Shoa kwenda kuwapokea wenzake. Njiani akaporwa, na mlango wa kurudi Shoa ukafungwa. Mwaka huohuo alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Walipojaribu kuingia Ethiopia tena, Rosine alijifungua kabla ya wakati, kule jangwani karibu na Massawa, na mtoto akafa. Walimwita Eneba, maana yake chozi.

Hapo wengi tungepanda meli turudi kwetu. Krapf akawaza kwamba kama njia ya kaskazini imefungwa, labda Waoromo watafikiwa kutoka kusini. Hicho ndicho kilichomleta pwani yetu. Mei 1844 yeye na mkewe wakahamia Mombasa. Julai, Rosine akajifungua msichana, na homa ikawashika. Mkewe alipokata roho tarehe 13, Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili Wamijikenda wakipita waone kaburi lake na wakumbuke kilichomleta.

Nakaa hapa makusudi, kwa sababu ya vile sisi Wapentekoste tunawashughulikia waliovunjika moyo. Mtu amefiwa Jumanne, Jumapili tunamngoja atoe ushuhuda. Tunakemea roho ya huzuni kabla hatujauliza ni nini kimetokea. Krapf alilia, na katika maandishi yake hakuficha uchungu huo. Lakini akiwa katika uchungu huo aliwaandikia wakuu wake Ulaya kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa vita vya kuipata nchi hii kwa ajili ya Kristo vimeanza, na sasa walete watu. Aliyeandika hivyo hakuwa ameshapona. Huzuni na imani vilikuwa ndani ya moyo mmoja, siku moja.

Halafu akarudi kazini. Kabla ya msiba alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Modehin. Aliendelea nacho. Akachagua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi badala ya za Kiarabu, herufi hizi unazosoma sasa. Sarufi yake ikachapishwa 1850. Mwaka wa 1846 Johannes Rebmann alikuja kumsaidia, na wote wawili wakapanda kwenda Rabai huku homa ikiwatetemesha.

Mimi nilisomea biashara, na nakuambia ripoti ya Rabai ya miaka hiyo ingemfukuzisha meneja yeyote. Gharama ilikuwa uhai wa watu. Mapato ni Mringe, mtu mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa, na wengine wachache sana. Krapf aliota mlolongo wa vituo vya misheni kukata Afrika kutoka mashariki hadi magharibi, na mlolongo wenyewe haukupita Rabai. Hata habari za theluji kwenye milima ya huku zilibishwa na wasomi wa London waliokuwa wamekaa vitini mwao.

Mwaka wa 1851 alisafiri tena Ukambani. Karibu na mto Tana wanyang'anyi wakamuua mwenyeji wake, Kivoi. Krapf akakimbilia porini peke yake, akajaza maji ndani ya mitutu ya bunduki kwa kukosa chombo. Aliporudi Rabai, habari za kifo chake zilikuwa zimeshafika.

Hakuwa malaika. Aliandika maneno makali kuhusu Wamijikenda ambayo leo hatungeyarudia mimbarani, na kuhusu namna ya kuendesha kazi yeye na Rebmann hawakuelewana kila mara. Mwaka wa 1853 mwili ulikataa, akarudi Ujerumani. Kuna watakaosema alishindwa. Lakini Elia naye, Mungu alimlaza na kumlisha kabla ya kumpa kazi nyingine, na Krapf alipopata nguvu aliendelea kuandika. Mwaka wa 1862 alikuwa tena huku, akiwasaidia Wamethodisti kuanza Ribe. Wengi wa kundi hilo waliondoka, wagonjwa au wamechoka. Thomas Wakefield akabaki.

Novemba 1881, huko Korntal, walimkuta Krapf amefariki akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ya Kiswahili, ambayo maneno yake alianza kuyakusanya Mombasa, ilitoka London mwaka uliofuata. Hakuiona.

Makaburi ya Rosine na mtoto bado yako Mombasa, upande wa Nyali. Ukishuka pwani Desemba hii, kabla ya kwenda kuogelea, uliza njia upite hapo.