Freddie Mercury: Mwana wa Unguja aliyesema siri yake siku ya mwisho

NOVEMBA 23, 1991, taarifa fupi ilitolewa jijini London ikieleza kwamba mwimbaji Freddie Mercury alikuwa na virusi vya Ukimwi. Jioni ya siku iliyofuata akafariki dunia nyumbani kwake Kensington, akiwa na umri wa miaka 45. Alikuwa ameishi na siri hiyo tangu mwaka 1987, huku magazeti ya udaku ya Uingereza yakimwandama mlangoni kwa kamera.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946, mtoto wa kwanza wa Bomi na Jer Bulsara, Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba yake alikuwa mshika fedha katika serikali ya kikoloni. Farrokh alipofikisha miaka minane alipandishwa meli kwenda India kusoma katika shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani. Huko ndiko alikojifunza piano, akaanza kuitwa Freddie na, pamoja na wanafunzi wenzake, akaunda bendi yake ya kwanza, The Hectics.

Alizaliwa na meno manne ya ziada yaliyoyasukuma mbele meno ya juu, na shuleni wenzake wakamtania kwa hilo. Hata alipokuwa tajiri hakuyang'oa, akihofia kwamba sauti ingebadilika.

Alirejea Unguja mwaka 1963, lakini hakukaa sana. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliifanya familia ya Bulsara ifungashe virago na kukimbilia Uingereza, wakaanza maisha upya Feltham, kando ya London. Kijana alisomea sanaa ya uchoraji katika Chuo cha Ealing, akahitimu mwaka 1969. Kabla ya umaarufu aliuza nguo za mitumba katika soko la Kensington, na aliwahi kubeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege wa Heathrow.

Mwaka 1970 alijiunga na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor. Ni yeye aliyeipa bendi jina la Queen, akaichorea na nembo. John Deacon aliongezeka mwaka 1971, na hao wanne hawakuachana tena. Wimbo wake wa Bohemian Rhapsody wa mwaka 1975 ulikuwa na urefu wa karibu dakika sita, jambo lililowatia wasiwasi wakubwa wa kampuni ya kurekodi. Ulikaa kileleni Uingereza kwa wiki tisa. Ndani yake limo neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja hulitamka kabla ya kugusa chakula.

Julai 13, 1985, katika tamasha la Live Aid lililoandaliwa kuwachangia waathirika wa njaa Ethiopia, aliwashika watu 72,000 wa uwanja wa Wembley kwa takriban dakika 20. Wengi bado huhesabu dakika hizo kuwa bora kuliko zote za muziki wa jukwaani. Lakini sifa hiyo isifunike doa la mwaka mmoja nyuma: Oktoba 1984, wakati ulimwengu ukiisusia serikali ya makaburu, Queen ilikwenda kutumbuiza Sun City, Afrika Kusini. Kwa mwana wa Afrika, kosa hilo halikuwa dogo.

Mapenzi yake aliyalinda kwa ukuta mrefu. Aliishi miaka kadhaa na Mary Austin, aliyemwachia nyumba yake na sehemu kubwa ya mali. Baadaye wapenzi wake walikuwa wanaume, na kuanzia mwaka 1985 hadi kifo chake aliishi na Jim Hutton, kinyozi kutoka Ireland, aliyemuuguza. Marafiki walijua, hadharani hakutamka. Si ajabu, maana alifika Uingereza wakati sheria ya huko ikiwafunga wanaume wa aina yake, na sheria hiyo ililegezwa mwaka 1967 tu.

Katika mwambao wa Ziwa Victoria ugonjwa uliomwua haukuwa habari ya mbali. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983, na wenyeji waliuita Juliana, kwa jina la nguo za magendo kutoka Uganda. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alijitangaza kuwa mwathirika akiwa bado na nguvu, akazunguka kuwaonya vijana hadi alipofariki Desemba mwaka huo. Mercury hakuchukua njia hiyo, na wapo waliomlaumu. Mwaka uleule aliofariki, 1991, vijiji vya Mkoa wa Mwanza vilianza kushiriki utafiti ambao matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 1995, yalionyesha kwamba kutibu magonjwa mengine ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40.

Mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa Kizoroasta, mwili ukachomwa moto. Aprili 20, 1992 wenzake waliandaa tamasha Wembley, na mapato yake yakaanzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust unaopambana na Ukimwi.

Unguja haikujua imweke wapi. Mwaka 2004 Zanzibar ilipitisha sheria ya kuongeza adhabu kwa mapenzi ya jinsi moja. Miaka miwili baadaye, hafla ya kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake katika mgahawa uliobeba jina lake, Mji Mkongwe, ilivunjwa baada ya kikundi cha Uamsho kupinga. Watalii hawakuacha kuulizia nyumba yake, na waongozaji waliwaonyesha zaidi ya moja. Novemba 24, 2019 jumba la makumbusho yake lilifunguliwa Shangani, na humo mgeni huanza na picha za utotoni. Majivu yake hayakuwahi kutangazwa yalikozikwa.