Pistol Pete na Moyo Ambao Hakuna Aliyeupiga Picha

Pete Maravich alizaliwa mwaka 1947 huko Aliquippa, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Baba yake, Press, alikuwa kocha wa kikapu, kwa hiyo dogo alikua na mpira mkononi. Alirusha mpira kuanzia kiunoni kama mtu anayechomoa bastola, wakambandika jina la Pistol.

Akiwa mwanafunzi wa Louisiana State University alifunga pointi 3,667 kwa misimu 3 tu, wastani wa 44.2 kwa mechi. Na hapo mstari wa pointi 3 ulikuwa bado haujaanza kutumika kwenye mechi za vyuo! Mwaka 1970 akaingia NBA. Februari 1977, akiwa New Orleans Jazz, aliwatandika New York Knicks pointi 68 peke yake. Goti likamsumbua, akastaafu 1980.

Tarehe 5 Januari 1988, akiwa na miaka 40, alikuwa akicheza kikapu cha kujifurahisha na marafiki kwenye ukumbi wa kanisa huko Pasadena, California. Walipopumzika kidogo, akaanguka. Hakuamka tena. Kumbe jamaa alizaliwa bila mshipa wa kushoto unaolisha moyo damu. Hilo lilijulikana maiti ilipochunguzwa. Wengi wetu tuna miwili, wa kulia na wa kushoto. Kwake, wa kulia ulibeba mzigo wote maisha yake yote.

Kinachouma ni kwamba njia ya kuiona mishipa hiyo ilikuwepo. Tangu 1958, Dk. Mason Sones wa Cleveland alionyesha kwamba mrija mwembamba unaweza kufikisha dawa maalumu ndani ya mishipa ya moyo, ikaonekana kwenye eksirei. Siku hizi hata CT skani inaonyesha mshipa unaanzia wapi na unapita wapi. Daktari wa upasuaji anaingia akijua atakachokikuta, na baada ya operesheni picha hupigwa tena kuona kama damu inapita vizuri. Lakini nani angefikiria kumpiga picha ya moyo mtu aliyekimbia NBA miaka 10?

Basi wanamichezo wenzangu, pumzi nyingi si cheti cha moyo mzima. Ukizimia ukikimbia, au kifua kikikubana kila ukicheza, usisingizie uchovu wa mitihani. Nenda zahanati ya chuo ueleze, na ukipewa rufaa ya kupima moyo, usiikalie.