Dk Little na miguu ya watoto njiti

Mzazi uliyejifungua mtoto njiti, huenda umesikia kliniki maneno 'mtindio wa ubongo' na moyo ukakulipuka. Leo nikujulishe kwa daktari aliyetufungulia njia ya kuuelewa, William John Little wa London.

Alizaliwa mwaka 1810. Akiwa mdogo aliugua, inaaminika ni polio, mguu wa kushoto ukapinda. Alisomea udaktari huku akichechemea, na mwaka 1836 akamfuata daktari mpasuaji Stromeyer huko Hanover, Ujerumani, aliyemkata kano ya kisigino kupitia tundu dogo kwenye ngozi. Mguu ukanyooka. Aliporudi Uingereza akaanza kuwapasua wengine, na akaanzisha hospitali ya viungo.

Humo akakutana na watoto wa namna nyingine. Miguu yao ilikakamaa, mapaja yakabana kama mkasi, wakasimama kwa ncha za vidole. Angeweza kuishia kwenye miguu. Badala yake alitaka kujua mtoto alizaliwaje, na mwaka 1861 akawaeleza madaktari wa uzazi wa London kwamba wengi walizaliwa kabla ya wakati, kwa uchungu mgumu, au walichelewa kupumua. Kasoro ilikuwa kwenye ubongo.

Little alifariki mwaka 1894. Miaka mitatu baadaye Sigmund Freud, ndiye huyo huyo wa magonjwa ya akili, alipinga: huenda tatizo huanzia tumboni, na uzazi mgumu ni dalili yake tu. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Nawaambia hivi akina mama wanaokuja wakiwa wameshaambiwa na ndugu kuwa ni laana au uzembe wao.

Kwa nini miguu? Mishipa ya damu ndani ya ubongo wa njiti ni laini mno na huweza kupasuka, hasa siku tatu za mwanzo. Eneo linaloumia liko jirani na nyuzi zinazoongoza miguu.

Little hakuwa na cha kuzuia. Sisi tunacho. Ukiona uchungu, damu au maji kabla ya wiki 37, usisubiri asubuhi, nenda hospitali yenye wodi ya watoto njiti. Ukiwahi, unaweza kupewa sindano ya kukomaza mapafu, ambayo pia hupunguza kuvuja damu kichwani, na dawa ya magnesiamu inayolinda ubongo ikiwa mimba ni changa sana. Dawa hizo hutolewa kabla mtoto hajatoka; ukifika ameshazaliwa, nafasi hiyo imepita. Kliniki ya mapema husaidia kubaini presha, malaria na maambukizi ya mkojo, ambayo huweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Akishazaliwa, mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, mtindo wa kangaruu (baba pia anaweza), na umpe maziwa yako. Ngozi au macho yakiwa ya manjano, akiacha kunyonya, akiwa baridi au akisita kupumua, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Nyumbani, angalia kama miguu inakakamaa unapombadilisha nepi, au ngumi zinabaki zimefumbwa baada ya miezi mitatu. Hesabu umri huo kuanzia tarehe uliyotarajiwa kujifungua, si aliyozaliwa. Ukiona hivyo, omba mazoezi ya viungo sasa, usingoje afikishe mwaka.